Kompyuta Imeninasa kwa Neno "Tu"

Mpendwa mshauri, naomba msaada upesi, maana nina furaha ya kupasuka na aibu ya kujificha chini ya meza, vyote kwa pamoja. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, natumia mtandao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, kuchunguza jinsi watu wanavyoyaona makundi ya wenzao, na tuliilisha maelfu ya sentensi za watu kuhusu kazi za jamaa zao, ikaanza kubashiri nani ataonekana ana akili na nani hana, ikapatia mpaka mwalimu wangu akavua miwani, ila hatukujua inashika nini hadi juzi nilipoondoa neno moja dogo, "tu", na mafundi viatu, wafagizi na madobi wakapanda ghafla kwa alama za akili, mshauri, niliruka nikamwaga chai kwenye kibodi.

Basi nikatafuta sentensi ya mfano ya kuonyesha ukumbini Ijumaa nitakapowasilisha utafiti, na iliyokuwa kali kuliko zote ni "Baba yangu ni fundi viatu tu", nikaangalia namba ya fomu ilikotoka, kumbe ni yangu, niliijaza mwenyewe tulipokuwa tunaijaribu. Na baba nimemwalika, kiti cha mbele, na viatu vya watu ndivyo vilivyonisomesha. Je, niifute? Hakuna atakayejua, na hata nikimweleza hataelewa, yeye kasoma shule ya msingi tu.

Mtafiti Mwenye Aibu

Mtafiti, hongera sana. Nami nimesisimka, tangu nisome barua yako nimejikamata na "tu" tatu, moja ya mlinzi anayenifungulia geti kila asubuhi.

Sasa nikuseme. Rudia sentensi yako ya mwisho. Umeiona? Umekuja kuungama "tu" moja, ukaniachia nyingine mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.

Usifute kitu. Utafiti unaoanika wengine na kumficha mwenyewe si utafiti. Kesho nenda kibandani kwa baba yako, kaa kwenye kigoda cha wateja, umwambie yote kabla hajayasikia kwenye kipaza sauti. Ataelewa. Mtu anayetazama soli iliyolika akajua mwenye kiatu anatembeaje, alianza kusoma watu kabla yako na kompyuta yako. Mwombe radhi, na akinuna, vumilia, umeyataka.

Ijumaa, akikuruhusu, onyesha sentensi hiyo, kiri kuwa ni yako, kisha umwelekezee mkono na useme: "Huyu ndiye baba yangu. Ni fundi viatu."

Weka nukta hapo.