Kashata za Wodini

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Kariakoo tupo, bibi yako anasumbuliwa na magoti tu. Umeuliza kwa nini madaktari hawakuuona ugonjwa wa babu yako, kaka yangu.

Unanijua, mimi ndiye niliyebeba injini ya Fuso begani kutoka Gerezani mpaka sokoni. Lakini kisa hiki nimeacha kukisimulia.

Kaka alikuwa akiamka ametota jasho, anaropoka, mpaka anywe chai ya sukari. Daktari akahisi ana kivimbe kwenye kongosho kinachomwaga insulini, ile inayoshusha sukari ya damu. Akamlaza siku tatu bila kula, ili sukari ikishuka wapime damu, wapate uhakika, wampasue.

Kila jioni niliingia na kashata ndani ya soksi.

"Wamenikataza, bwana mdogo."

"Kula. Ufe njaa na mimi nipo?"

Akala. Sukari haikushuka, wakasema hana kivimbe, wakamruhusu. Kijiweni nikatamba kwamba nimemtoa hospitali kwa kashata.

Mwezi haukuisha, asubuhi moja hakuamka.

Sina wa kumwomba radhi. Namwona tu pale kitandani akilamba vidole, ananiambia, "Bila wewe ningekuwa wapi?"

Babu yako mdogo,
Shabani