Mtoto Hana Kigugumizi

Mama,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Fundi bomba akija, mwonyeshe bomba la bafuni, si la jikoni.

Kuhusu simu yako. Jana asubuhi ulimpigia mdogo wangu ukamuuliza mwanawe ameanza kigugumizi lini, naye akakukatia simu. Mjukuu wako hana kigugumizi. Video ileile mdogo wangu aliyokutumia nimeitazama kwenye simu yangu, na anasoma shairi lote bila kusita. Inayokwama ni simu yako: imejaa picha, tena inachemka.

Kwa hiyo ivue lile sweta ulilolifuma. Simu haisikii baridi, Mama. Joto ndilo linaloipunguza kasi. Usitazame ikiwa kwenye chaji. Picha za maua za "Asubuhi njema" nimezifuta, nafasi imepatikana. (Za rafiki yako wa kwaya nimeziacha, usije ukaninunia.) Ukiifungua video, ngoja kwanza ishuke yote, ndipo ubonyeze.

~~Kisha mpigie mdogo wangu umwombe radhi.~~

Kisha itazame mpaka mwisho. Kila mara umeizima katikati, ukisema huwezi kumtazama mtoto akiteseka, kwa hiyo hujasikia anavyomaliza. Anainua uso na kusema, "Hili nimejifunza kwa ajili ya Bibi." Mama yake, huyo mdogo wangu, ndiye aliyekuwa akimfundisha kila jioni.

Ukishasikia hayo, la kumwambia utalijua mwenyewe.

Binti yako mkubwa