Ndege Yako Bado Iko Juu ya Upanga

Athumani, mtumwa wangu,

Najua ungeshadakia, "Mtumwa babu yako, Mngoni wewe!" Na kwa vile Wangindo na Wangoni ni watani, tungetukanana hapo mpaka wateja wakimbie. Leo naongea peke yangu. Nimekaa juu ya belo la mitumba, jua la mchana, soko limepoa, nakuandikia.

Meza yako wameichukua vijana wa viatu. Wapole, shikamoo hainipiti, lakini hawana mdomo. Wanainamia simu wakisubiri mteja awaone wenyewe. Ungewacheka.

Unalikumbuka lile pazia? Ulilitoa kwenye belo, limejaa picha za ndege za zamani, ukasahau kazi kabisa. Mjukuu wako akakutafutia kwenye simu, akakusomea: kati ya zile vita kuu mbili, mataifa yalikuwa yanakutana kushindanisha ndege. Mtaliano, Mwingereza, Mfaransa, Mmarekani. Ndege nyingine za kutua majini, zinazunguka nguzo juu ya bahari, watu wamefurika ufukweni. Basi, wewe ukarukwa na akili! Pazia hukuliuza, na tangu siku ile hukunadi tena nguo kama wenzako. Ukawa unatangaza mashindano. Mtaliano mwekundu wewe, Mwingereza wa buluu mimi, wala sikuulizwa. Tunaruka hapa sokoni Mchikichini, nguzo ya kwanza Msimbazi, ya pili mitaa ya Upanga, tunarudi kutua mezani. "Mwekundu anakata kona, jamani, bawa limelala!" Akina mama wamesimama na mashati mkononi, hawaondoki. Na ulivyo mjanja, hutui mpaka mtu anunue. Mimi nilishindwa kila siku ya Mungu. Eti Mngoni na kuruka wapi na wapi!

Siku ya mwisho ulikuwa umeshafika Upanga na ndege yako, ukakohoa, ukakaa chini. "Komba, nishikie kidogo." Nikadhani unataka maji. Hospitali hukumaliza hata siku.

Msibani nilifanya kazi yangu ya utani. Nilivaa koti lako, nikapanda juu ya kiti, nikakuigiza. Watu walicheka mpaka shehe akaficha uso. Hata mkeo, Bi Zaituni, alicheka huku machozi yanamtoka. Nikaruka, nikaizunguka Msimbazi, nikafika Upanga... ulimi ukagoma. Nikashuka kwenye kiti. Waliokuwepo wakadhani ndiyo mwisho wa mchezo.

Mkeo hakudhani hivyo. Jana kaniita barazani kwake. "Mtani, umemwacha mume wangu hewani. Nikifumba macho namsikia anazunguka tu. Keshokutwa arobaini. Utamtua."

Nikamjibu, "Haya." Sikuweza kumwambia kwamba sitaki. Athumani, ukiwa bado hewani, mimi bado nina mtu wa kushindana naye. Nikipita Upanga natazama juu, mtu mzima na mvi zangu, wenye bajaji wananipigia honi. Nikishakutua nitabaki na nani? Nimekukumbuka, ndugu yangu. Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Natamani hata unitukane, mara moja tu, tusi lolote.

Lakini yule mama hapati usingizi, na mimi ndiye uliyeniachia. Acha nijaribu hapa kwanza, tukiwa wawili.

Mwekundu ameiacha Upanga. Wa buluu yuko nyuma yake, anamwona, hamkaribii, na leo wala hataki kumkaribia. Msimbazi ile chini. Mwekundu anashusha pua, jamani. Anapunguza mwendo. Mpisheni, akina mama, vuteni hayo mashati, mpisheni mzee. Taratibu. Taratibu, baba. Amegusa.

Umeshinda, Athumani. Umefika.

Kesho nitayasema haya kwa sauti, mbele ya mkeo na watu wote, na sitalia mpaka nimalize. Hilo nakuahidi. Pumzika sasa, mtumwa wangu. Usinisubiri mezani.

Mimi bado niko juu.

Komba