Kwato Kwenye Mstari Mmoja

Tseikuru, 6 Oktoba 2025

Binti yangu Mutanu,

U hali gani huko Kathonzweni kwa shangazi yako? Sisi ni wazima, ila mama yako anakohoa kidogo, ni hili vumbi.

Nimefungua kwenye simu ule ukurasa wa mtandaoni wa mbuzi ulionitengenezea. Mutanu, mbuzi wangu wanaelea. Chini ya kila picha kuna utepe mweupe, na jirani yetu Nzioka ameniuliza kama nimewatundika kwenye bucha. Wanunuzi watachagua mabeberu hapo kabla ya mnada wa Jumamosi. Tulikubaliana: wasipochagua hata mmoja, Januari unaingia chuo cha uuguzi bila maneno mengi.

Baba yako

Kathonzweni, 7 Oktoba

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Shangazi hajambo, anasema mama anywe maji moto.

Nimekipata chanzo cha ule utepe. Kompyuta huihesabu picha kama herufi ndani ya sentensi, kwa hivyo huacha nafasi chini yake kwa ajili ya mikia ya g na y. Nimeiambia kila picha isimame kivyake na utepe umetoweka. Nimezifanya pia ziwe na kimo kimoja, juu zimenyooka kabisa. Hebu tazama.

Binti yako

Tseikuru, 8 Oktoba

Binti yangu,

Habari za tangu jana? Sisi tumeamka salama.

Utepe umeisha, hongera. Lakini nani alikufunza kupima mbuzi kwa kichwa? Umemlinganisha beberu wangu mkubwa na mtoto wake wa miezi mitano. Mbuzi hutazamwa akiwa amesimama chini, kwato za wote mahali pamoja, ndipo ujue nani ni nani. Mama mmoja wa Mutomo, Kalekye, amenipigia simu kuniuliza kwa nini nauza watoto. Zimebaki siku tatu.

Baba yako

Kathonzweni, 8 Oktoba, jioni

Baba,

Mama anaendeleaje? Nimecheka mpaka shangazi akaja kunichungulia.

Sisi tulifunzwa kunyoosha juu, na hakuna aliyefikiria miguu. Kesho asubuhi piga picha upya, kila mbuzi kando ya mlango wa zizi. Mlango ni ule ule, kwa hivyo nikiilinganisha milango kwenye picha, kila mbuzi atapata kimo chake. Kisha nitazishusha picha zote mpaka kwato zikae kwenye mstari mmoja. Baba, naogopa. Uuguzi siutaki. Kazi ninayoipenda ni hii.

Binti yako

Tseikuru, 12 Oktoba

Mutanu wangu,

Jumapili njema. Mama yako amepona, leo ameimba na kwaya mpaka mwisho.

Usidhani nilinyamaza kwa hasira. Tangu uweke zile picha Alhamisi, simu haijatulia. Mabeberu watano walichaguliwa, na jana mnadani wote walinunuliwa. Kalekye alikuja mwenyewe, akatazama simu, akamtazama yule mkubwa, akasema yuko vile vile. Nilijisikia mrefu kuliko mbuzi.

Nzioka naye anataka wake wawekwe, na ameomba umwongezee beberu wake kidogo mgongoni. Nimemwambia wewe hufanyi mambo hayo. Halafu nikamweleza ile habari ya mikia ya herufi, na sikukosea popote.

Mama yako ameniuliza watu wa chuo tutawaambia nini. Kesho nitawapigia mimi mwenyewe, niwaambie binti yangu ana kazi.

Baba yako