Baba, Daftari Nimelitoa

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nimeketi kitandani kwako, na tafadhali usinikatize, maana nikisimama kidogo tu nitashindwa kuendelea. Ulisema lile daftari la kijiji lisitoke humu ndani. Ulisema mara tatu, na mara ya tatu ulinishika mkono. Nikakuitikia, ndiyo Baba. Basi limetoka. Nimelitoa jana asubuhi mwenyewe, nikalipeleka ofisini chini ya kanga kama mtu aliyeiba kuku.

Tangu jana sijatulia. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimepalilia mahali pasipo na magugu. Pikipiki ikipita barabarani natoka kuchungulia, kisha najicheka, kisha inapita nyingine natoka tena. Nikaona afadhali nikuambie yote, ukasirike, yaishe.

Habari za hapa kwanza. Migomba ya nyuma ilishikwa na mnyauko, tumeikata yote. Deo wetu amehamia Kabanga, anabadilisha fedha mpakani, anavaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mimi bado ni mtendaji wa kijiji kule Nyantakara, na bado nafanya ulivyonifundisha ulipokuwa karani wa kijiji hapa: jina la mtu uliulize, ulisikilize, ndipo uliandike. Wenzangu wananiita bibi karani. Waache waseme.

Sasa jambo lenyewe. Mama Anastazia alishtakiwa. Kuna mtu amenunua shamba la upande wa mtoni, akadai mpaka wake unapita hadi kwenye jiko la yule mama. Akasema mbele ya baraza kwamba mama huyo ni mtu wa kuja tu, amevuka kutoka Burundi juzi. Juzi, Baba! Mwanamke aliyekukorogea uji miezi yote ile uliyolala mgonjwa kabla hujatuacha, mimi nikiwa kazini Nyantakara nakutumia salamu kwa simu. Nilitaka kumtukana yule bwana, nikakumbuka cheo changu, nikamtukana moyoni.

Baraza la ardhi la kata likataka ushahidi wa maandishi. Na ushahidi ulikuwa hapa, kwenye sanduku lako, chini ya koti la Jumapili. Ukurasa wake naujua: jina lake, jina la marehemu mumewe, kipande walichopewa na serikali ya kijiji, mashahidi, mwaka, na sahihi yako yenye mkia mrefu. Baraza lilitaka daftari zima. Siyo nakala, wala ukurasa uliochanwa.

Lakini daftari hilo lina zile nukta.

Wewe na mimi tunajua zilivyoanza. Watu walipovuka kwa wingi wakikimbia vita, parokia ilileta mbegu za maharage na majembe kwa ajili yao. Ukaogopa wenyeji watajipenyeza kwenye foleni, nasi tunawajua wenyeji wetu. Ukaweka nukta ya wino wa bluu pembeni mwa kila kaya iliyovuka, ili asikose hata mmoja. Hakuna aliyekosa. Watu walikubeba mabegani siku ile.

Kisha akaja yule padri Mholanzi tuliyemwita Padri Baiskeli, mkakaa barazani na rubisi yenu, ile pombe ya ndizi. Mimi nilikuwa mdogo, nachambua maharage mlangoni, mkadhani sisikii. Ulimwonyesha daftari kwa majivuno yako. Akaziona nukta, akauliza ni za nini, ukamweleza. Halafu akakusimulia kuhusu baba yake, aliyekuwa karani wa manispaa katika mji mdogo kwao. Kazi yake ilikuwa kama yako: nyumba, majina, waliozaliwa, waliokufa. Kila mtu aliandikiwa na dini yake, ili akifa azikwe na watu wake. Jambo jema kabisa. Kisha vikaja vita vya Hitler. Wajerumani wakaishika nchi, wakaenda ofisini wakataka vitabu. Hawakuwa na haja ya kuuliza mitaani Wayahudi wanakaa wapi. Majina yalikuwepo kwa mwandiko mzuri, na namba za nyumba. Fundi cherehani wa mtaa wao alichukuliwa na mkewe na watoto wake, wakapakiwa kwenye treni, wakauawa huko walikopelekwa. Na baba yake padri, mpaka uzeeni, alirudia neno moja tu: "Mimi niliandika tu."

Ile rubisi hukuimaliza. Wiki hiyohiyo ulilileta daftari nyumbani ukasema paa la ofisi linavuja. Ukafungua jipya lisilo na alama. Paa halikuwa linavuja, Baba. Nilikwenda nikaangalia.

Nilikukasirikia sana juzi. Mtendaji wa hapa, Sospeter, aliniambia wazi kwamba baraza likimaliza daftari litabaki ofisini, na kwamba kuna watu wanapita vijijini kuhakiki asili za wakazi, wamekwisha kuulizia madaftari ya zamani. Sospeter si mtu mbaya. Ndiyo maana niliogopa zaidi. Atawapa, kwa adabu, na kikombe cha chai. Nikalitoa sanduku nikiwa nakugombeza kwa sauti, jirani akadhani nina mgeni. Miaka yote hiyo ulikuwa nalo, kwa nini hukuzifuta? Kwa nini uniachie mimi? Nikilificha, Mama Anastazia anabomolewa jiko. Nikilitoa, nawauza wote waliovuka, naye akiwa wa kwanza.

Kisha nikafungua ukurasa wake, nikaona tundu.

Kumbe ulijaribu. Ulikwangua kwa wembe, kama makarani wanavyokwangua wino, na karatasi ikatoboka palepale ilipokuwa nukta. Ukajaribu kaya iliyofuata, ikabaki doa la kukwaruzwa linaloonekana kuliko nukta yenyewe. Hapo uliacha. Mtu mwenye mikono ya shamba na wembe mmoja, unahangaika peke yako, na mimi hukuniambia. Nililia, Baba. Nililia mvua ikipiga bati, na sikujizuia.

Nilipomaliza kulia nikachukua kalamu ya bluu.

Usishtuke. Nilianza na sisi. Kaya yako, Ruben, mke na watoto wanne: nukta. Kisha kaya ya katekista. Kisha ya mwenyekiti wa wakati ule, ambaye ukoo wake unasema ulikuwepo kabla ya mito. Nikaenda ukurasa kwa ukurasa mpaka hakuna kaya iliyobaki bila nukta, hata pembeni mwa lile tundu lako. Naijua sheria. Ningemkuta mtendaji mwenzangu anachezea daftari la serikali ningemwandikia barua siku hiyohiyo. Wino wangu ni mpya kuliko wako. Atakayetazama kwa makini ataona, na kazi yangu itaondoka. Ndiyo hiyo inayonitoa nje kila pikipiki ikipita.

Jana baraza lilisoma ukurasa wa Mama Anastazia kwa sauti. Lilipotajwa jina la mumewe alisimama, hata hakuambiwa asimame. Yule bwana ameamriwa ang'oe vigingi vyake. Nikasema moyoni, tumepona. Ndipo Sospeter, akiwa analifunua funua daftari, akauliza mbele ya watu wote hizi nukta ni za nini.

Nikamjibu, ni kaya zilizopewa mbegu. Akafunua kurasa tena, akauliza, kijiji kizima? Nikasema ndiyo, hata sisi tumo.

Na mzee Ruhuza alikuwepo. Balozi wako wa nyumba kumi, Baba, aliyegawa zile mbegu kwa mkono wake, anayejua nani alipewa na nani alifukuzwa kwenye foleni. Yeye mwenyewe ulimfukuza, mkaacha kusalimiana mwaka mzima. Kila mtu alimgeukia. Alijikohoza, akaegemea fimbo yake, akasema, "Maharage yale yalizaa sana. Na mimi nilipewa."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja nyuma akasema, na sisi pia. Mwingine akasema kwao walipewa na jembe. Sospeter akafunga daftari.

Sijui kama imetosha. Wale wanaohakiki hawajafika, na wakifika sijui watauliza nini. Anayetaka kumtaja jirani yake bado ana mdomo wake. Lakini autumie mdomo huo mchana kweupe, watu wakimwona. Mwandiko wako hautamsaidia.

Nisamehe kwa kuvunja neno lako. Kesho narudi Nyantakara, kuna orodha ya mbolea inanisubiri, na wametutaka tuweke alama kwa wanaostahili. Nakuahidi hili: kabla sijaweka alama mbele ya jina la mtu, hata ya kumfaa, nitajiuliza nani atalishika daftari siku ambayo mimi sitakuwepo kueleza.

Lala Baba. Huyo mzee Ruhuza ameniagiza nikusalimie.

Mwanao,
Konsolata