Mjukuu Kanirudishia Fidla

Bi Salhiya, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na nane, mpiga fidla wa ngoma ya kidumbaki hapa Chukwani tangu ujana wangu, na mjukuu wangu Mize, wa miaka kumi na sita, nimemfundisha mwenyewe nikamuazima na fidla yangu, naye, mashaallah, anapiga mpaka chai inapoa mkononi. Basi juzi kikundi chao cha vijana kilialikwa harusini Bwejuu, nami nikafuatana nao, wakapiga, bibi vizee waliokuja na mikongojo wakaiweka chini wakacheza, kisha Mize akaingia kipande kimoja kigumu ambacho mimi, nasema kweli mbele ya Mungu, miaka arubaini nakizunguka tu, yeye akakipita kama anakwenda dukani. Nikapewa kipaza sauti nimpongeze mwanafunzi wangu, na mimi, sijui shetani gani kanipanda, nikasema, "Ngoma ya watoto haikeshi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, Mize hakucheka. Asubuhi yake nikaikuta fidla kitandani kwangu, imefungwa kwenye kanga, na Jumapili wanatakiwa wapige Kizimkazi na hawana mpiga fidla mwengine. Nimemwambia ulikuwa utani wa babu na mjukuu, kanijibu "Naam, babu," basi. Nifanyeje, na kumuomba radhi mtoto mimi naona haya?

Mbarouk, Chukwani

Shikamoo, babu Mbarouk. Nshakuamkia, sasa nikuseme.

Utani gani huo? Babu na mjukuu hutaniana barazani kwao, hiyo ni halali yenu. Lakini pale Bwejuu Mize hakuwa mjukuu, alikuwa fundi yuko kazini, na fundi hatiwi aibu mbele ya watu waliomwalika. Tena umeandika kwa mkono wako kwamba kakupita. Huo ni wivu, mzee wangu! Ila heko nakupa, tena kubwa. Wangapi hufa na ujuzi wao kifuani? Wewe umemfundisha mtoto mpaka kakushinda, ilibaki kuona raha tu, hapo ndipo ulipoteleza.

Sasa sikiliza. Leo hii mrudishie fidla, na usimuazime tena, mpe iwe yake. Muombe radhi kwa maneno yanayosikika. Hiyo haya unayoiona leo ungeiona ulipopewa kipaza sauti. Jumapili fuatana nao Kizimkazi, maana ulimvunja mbele ya watu, na mbele ya watu utamjenga. Kipaza sauti usikiguse, kimeshakuponza. Omba upige mkwasa, vile vijiti wanavyoanzia wanafunzi, ukae nyuma ya Mize uufuate mwendo wake. Kile kipande kikifika, tazama vidole vyake vizuri, na Jumatatu mwambie akufundishe.

Mkono ukichoka, babu, vumilia. Usije ukatufanya tuseme ngoma ya wazee ndiyo isiyokesha.