Shikamoo ya Haramia

Dar es Salaam
4 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na vumbi la kiangazi halijawamaliza. Mimi mzima, ila kikohozi.

Najua hiyo shikamoo hutaiitikia. Kanyenye nzima inajua kwamba Mzee Majidi fundi baiskeli haitikii shikamoo ya mtu. Nilidhani ni kiburi, mpaka Idi iliyopita uliponieleza sababu. Nakuandikia badala ya kupiga simu, kama ulivyoagiza, ili mama asisikie. Yeye bado anaamini mtumbwi wenu ulipinduliwa na upepo.

Gemu yetu ya maharamia imetoka. Kazi yangu ni kusoma maoni ya wachezaji na kumweleza bosi wangu, Nasri, wanataka nini. Wanataka mengi! Wanataka mabaharia wenye akili zao, wanaogombana na kununa. Wanataka kila zamu ya vita waifikirie kama mtu anayecheza bao, na wakikosea, mtu wao afe asifufuke. Lakini kipande wanachokitaja wote ni chako.

Nimekiweka kama ulivyonisimulia. Wafanyabiashara wa dagaa wako Ziwa Tanganyika, maharamia wanaupanda mtumbwi wao. Kiongozi, kijana mdogo, anamwendea kila mtu mzima kwa adabu, anasema, "Shikamoo mzee," kisha anasubiri. Anayeitikia ananyang'anywa mali na kuachwa hai. Asiyeitikia anatupwa majini. Mzee aliyetokana nawe anaitikia kwanza, kisha mchezaji ana zamu moja tu: aseme marahaba, au anyamaze kama alivyonyamaza rafiki yako Ndayisenga.

Watu wanaandika kwamba mikono iliwatetemeka. Mmoja alizima kompyuta akaenda kukaa na mama yake jikoni.

Ila sasa wanaomba kingine. Wanataka kucheza wakiwa yule kijana. Nasri anasema tuwape. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Najiat


Kanyenye, Tabora
13 Agosti 2025

Mwanangu Najiat,

Salamu zako nimezipata. Sisi wazima, mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Kwa kikohozi hicho chemsha tangawizi, usinunue vidonge ovyo.

Unaniuliza nasemaje? Nasema hapana, na umpelekee Nasri hapana hiyo ikiwa ya moto.

Nimesoma vitabu maisha yangu yote, na jambo moja limenichosha. Haramia akishakaa mbali vya kutosha, watu humvika kofia nzuri na kuwapa watoto wamchezee. Sisi wa Tabora hatuhitaji kufundishwa hili. Njia ya misafara kutoka pwani mpaka Ujiji ilipita juu ya mabega ya watu, wengine wamefungwa shingo kwa shingo. Leo mgeni anapiga picha na mlango wa nakshi, anamsifu aliyeuchonga. Nani anauliza habari za mtu aliyeupita mlango huo akiwa na kamba shingoni? Hakuna! Yule hana kofia.

Wachezaji wako wanataka kuwa yule kijana kwa sababu zamu zote zilikuwa zake. Sisi hatukuwa na zamu. Waambie Ndayisenga alikuwa mtu wa Ulyankulu, aliimba kwaya kanisani kwa sauti mbaya kuliko ya punda, na nilimcheka njia nzima mpaka Kigoma. Waambie mjane wake, Veneranda, bado analima tumbaku peke yake. Wakishajua hayo, waombe tena.

Mimi neno lile nilimpa mwizi, akaniachia roho yangu. Tangu asubuhi ile, wewe ukiwa darasa la pili, kila likinifika mdomoni lina ladha ya maji ya ziwa.

Baba yako


Dar es Salaam
1 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Sijui nyinyi mnaendeleaje, na leo nauliza nikiwa na maana hasa.

Nasri alisoma barua yako, akasema una kalamu kali, kisha akaendelea na mipango yake.

Jana nilipata ujumbe wa mchezaji asiyetumia jina. Naunakili: "Gemu nzuri ila mmekosea. Yule mzee aliitikia mara mbili. Mara ya pili hakuwa amesalimiwa yeye. Rekebisheni."

Nikadhani ni mtu anayetania. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: asante, ungependa tuongeze nini? Akajibu palepale: "Nataka yule mzee aitikie tena."

Baba, hukunisimulia habari ya mara mbili. Niambie huyu mtu ni mwongo.

Mwanao,
Najiat


Kanyenye
5 Septemba 2025

Najiat,

Sisi wazima. Mtu huyo si mwongo.

Kijana alipomaliza kwangu alimgeukia Ndayisenga. Ndayisenga akamtazama tu. Nikaona mdomo ule hautafunguka, nikaitikia mimi kwa niaba yake, kwa sauti kubwa: "Marahaba!" Kijana akacheka. "Sikukusalimia wewe, mzee." Kisha wakamsukuma.

Upande wetu tulikuwa mimi, Ndayisenga na mwenye mtumbwi, ambaye naye ameshazikwa. Sijapata kumsimulia mtu jambo hilo, hata mama yako. Kwa hiyo anayekuandikia unajua ni wa upande gani.

Usimjibu tena. Nami nijibu moja tu: katika gemu hiyo, jina langu limeandikwa popote?

Baba yako


Dar es Salaam
9 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Limeandikwa.

Mwishoni, majina ya waliotengeneza yakipita, kuna mstari nilioweka kwa mapenzi: "Kwa baba yangu Majidi, fundi baiskeli, Kanyenye, Tabora." Nilitaka watu wajue nimetoka kwa nani. Nimeufuta leo, lakini walioichukua gemu mwanzo wanao. Yeye anao.

Nakupigia tangu asubuhi, simu inaita tu. Mama anasema uko karakana na wateja. Baba, funga karakana. Nenda Bukene kwa shangazi Mwamvita mpaka nijue la kufanya. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwapisha.

Nisamehe.

Mwanao,
Najiat


Kanyenye
12 Septemba 2025

Mwanangu Najiat,

Mama yako hajambo. Mimi kwa leo ni mzima. Nilipokupigia jioni ya siku uliyonitafuta nilikwambia hivyo tu, kwa kuwa mengine yaligoma kutoka.

Amekuja. Simu yako ilikuwa ikiita mfukoni mwangu muda wote aliosimama mbele yangu.

Alikuwa anasukuma baiskeli, shati limepigwa pasi. Modest kinyozi alikuwa amekaa kwenye benchi anangoja nimzibie pancha. "Shikamoo mzee," yule mtu akasema. Uso sikuutambua, miaka imeubadilisha. Nilichokitambua ni kusubiri kwake. Watu husalimia huku wakitafuta pa kukaa. Yeye alisimama, kichwa ameinamisha kidogo kama mwanafunzi mwema, akangoja.

Spana ikanianguka. Mimi niliyebishana na madiwani na masheikh magazetini bila kupepesa macho, nilishindwa hata kuiokota. Neno likapanda lenyewe mpaka kwenye ulimi.

Akarudia: "Shikamoo, mzee."

Modest akaangua kicheko. "Ndugu yangu, utaota mizizi hapo! Huyu haitikii hata mkuu wa wilaya. Mwachie baiskeli, shikamoo ondoka nayo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniinamia, akasema taratibu, "Kwenye gemu unaitikia kila mara. Haitoshi." Akaegemeza baiskeli ukutani. "Nitairudia."

Sikuitikia. Alipokata kona nikaichunguza baiskeli. Haina ubovu wowote.

Nimekwenda polisi. Afande ameniuliza kosa la mtu kuniamkia ni lipi. Basi nimemwambia mama yako kila kitu, nikamwambia Modest, nikawaambia majirani, na kesho Veneranda atapata habari kamili. Bukene siendi. Nikijificha, atakuwa ameipata ile marahaba bila mimi kufungua mdomo.

Na Nasri mwambie nimebadili neno langu. Awape wachezaji wanachotaka. Huyu mchezaji wako hakupanda mtumbwi kwa ajili ya dagaa, dagaa alichukua tu. Alitaka atuibie, kisha sisi wakubwa wake tumwambie ni mtoto mwema. Hao wanaoomba kuwa yeye wanataka hilohilo, hata kama hawajijui. Waacheni wawe yeye. Wapande kila mtumbwi, wamsalimie kila mtu, wasubiri. Na asiwepo hata mmoja wa kuwaitikia, mpaka mwisho wa gemu. Hapo ndipo watajua kutetemeka ni nini.

Baiskeli bado iko ukutani. Kila kengele ikilia barabarani nainua kichwa, mkono unaanza kutafuta spana. Naogopa, mwanangu, sikufichi. Lakini siku ile aliliomba neno langu nikamnyima, na ndipo nikajua kwamba miaka yote hii halikuwa lake.

Sitaki akirudi alikute mdomoni mwangu. Nalituma kwako kabla hajafika, kwa shikamoo zako zote tangu ulipojua kusema.

Marahaba, Najiat. Marahaba, mama.

Baba yako